Maua Chini ya Turubai

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Habari kutoka Ivuna! Uledi, dereva wa lori la chumvi, amesimama mbele ya nyumba alasiri. Hakuzima injini. Hazimi kamwe, anasema ikizimwa huwa inanuna. Akatoa kichwa dirishani akaniambia kwamba mke wangu Enesi amempa ujumbe: Jumamosi atapanda lori lake, anakuja kuiona nyumba. Nikamuuliza kama alisema kuiona nyumba au kurudi nyumbani. Akajibu kwamba yeye amepewa maneno ayafikishe, hakupewa ayachambue. Akaondoka. Vumbi lote likaingia kwangu.

Nimekaa na neno hilo mpaka chai ikapoa. Kuiona nyumba. Mtu huja kuiona nyumba anapotaka kuipanga. Au kuihama.

Enesi aliondoka Mei kwenda Ivuna kumuuguza mama yake. Mama alipona Julai. Nasikia sasa anakwenda gulioni kwa miguu na kugombana na wauza samaki. Enesi hajarudi. Kaka yake amemjengea chumba huko, chenye mlango wake peke yake. Chumba naweza kukivumilia. Huo mlango ndio unaoninyima usingizi.

Sasa, suala la bustani. Enesi alikuwa na maua mbele ya nyumba, tuta moja refu kutoka mlangoni mpaka barabarani. Kila jioni aliyamwagia maji ya kuoshea vyombo. Alipokuwa anaondoka alisema akirudi atayatazama maua kwanza, halafu ndipo anitazame mimi. Alisema akitabasamu. Mimi sikutabasamu, namjua.

Bustani haipo. Naandika wazi, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu: haikufa kwa uzembe. Ilikufa kwa mradi. Niling'oa yaliyokuwepo nikapanda vitunguu vya kuwauzia Wazambia. Vitunguu vikakataa. Kisha malori yakaanza kugeuzia pale. Leo ni udongo mwekundu mgumu, kama sakafu ya ghala la ushirika nililokuwa karani wake kabla halijafungwa.

Tena ni Oktoba! Tunduma nzima ina rangi ya vumbi. Migomba ni kahawia. Mbuzi ni kahawia. Mvua haiji mpaka Novemba. Hakuna kitu kinachokubali kuota.

Isipokuwa ng'ambo ya barabara. Kwa Yahaya, muuza matairi, kibaraza kinawaka. Makopo ya mafuta ya kupikia, yamepakwa rangi ya kijani, na juu yake maua mekundu, ya njano, ya zambarau. Redio yake inaimba taarabu kutwa. Mkewe, Bi Mwanamvita, anapangusa majani kwa kitambaa kama mtu anayepangusa vikombe vya wageni. Watu wa Tanga wana makuu.

Nimewatazama mpaka kiza kikaingia. Halafu wazo likaja. Makopo!

Jumanne, 6 Oktoba

Nimelifikiria jambo kwa utaratibu. Ua la ardhini hukaa pale lilipozaliwa. Ua la kopo huenda linakotakiwa. Lililodhoofika unalificha nyuma, lililonawiri unalileta mbele. Refu unaliegemeza ukutani, fupi unaliweka ngazini. Jua likizidi, unalihamisha. Nashangaa watu bado wanahangaika na majembe.

Nimekusanya vyombo. Ndoo ya rangi. Karai lililopasuka ukingo. Sufuria isiyo na mkono. Poti la kujisaidia alilotumia utotoni binti yetu Tabita, ambaye sasa ana mtoto wake huko Mbeya. Na madebe ya chumvi anayoyaacha Uledi nyuma ya nyumba yangu. Haya ndiyo bora kabisa: makubwa, mazito, na ndani yana ukoko mweupe unaopendeza.

Yahaya akavuka barabara kuja kuuliza nafungua duka la vyuma chakavu au vipi. Nikamjibu kwamba ni shughuli ya kiofisi. Akachungulia ndani ya debe, akasema kama ni maua, nitoboe matundu chini.

Nitoboe! Mwezi huu maji yanaletwa kwa baiskeli kutoka bondeni, na muuzaji hashuki mpaka umembembeleza. Halafu mimi nichukue msumari nitengeneze njia ya kuyamwaga? Ni sawa na kushona mfuko wa suruali kisha ukakata chini. Nikamwambia hivyo hivyo.

Akaondoka akicheka. Akapiga kelele kutoka upande wake wa barabara, wapita njia wote wasikie: "Karani, maua yanakunywa maji, hayajifunzi kuogelea!"

Wivu. Ameshaona nitampita.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimesubiri Yahaya aende mpakani kutoa mzigo wake, nikavuka kwa Bi Mwanamvita kuomba vipandikizi. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Hayakuhitajika. Alichukua kisu akakata kutoka kila kopo, bila ubahili wowote, mpaka mikono yangu ikajaa. Nikashukuru. Akasema, "Ni haki yako, shemeji. Tena ni zaidi ya haki."

Sikumwelewa. Watu wa pwani wana maneno mengi ya heshima, si lazima yote yawe na kazi.

Nimepanda mchana kutwa. Udongo nimeuchota kwenye shimo la taka la zamani, mweusi, laini. Nikamwagilia kwa ukarimu. Maji yalisimama juu ya kila chombo yakimeremeta kama chai kikombeni, na chini hapakuvuja hata tone. Nilijisikia kama mhandisi.

Natarajia maua ya kwanza kufikia Ijumaa.

Alhamisi, 8 Oktoba

Yamekufa.

Asubuhi yalikuwa yameinamisha vichwa. Mchana yalikuwa mchicha uliopikwa. Nikakumbuka kwamba Yahaya alipita jana jioni akayatazama kwa muda. Jicho! Nikaanza kupanga namna ya kulifikisha suala hilo kwa wazee.

Bi Mwanamvita akaja kabla sijafika mbali. Akachovya kidole kwenye debe, akakiweka ulimini. Akakaa chini kwenye ngazi yangu. Nilidhani amedhurika. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka. Akaniambia, "Shemeji, hii ongeza nyanya na kitunguu tu, tuiteremshe jikoni."

Ukoko ule mweupe. Chumvi ya Ivuna!

Alipopata pumzi alieleza, kwa upole, kwamba madebe yale yalitakiwa kuoshwa, na kwamba hata bila kuoshwa, kama ningetoboa chini, maji yangeishusha chumvi na labda nusu ya mimea ingepona. Na ile ya kwenye ndoo na sufuria, ambayo haikuonja chumvi, imezama tu. Nikamjibu kwamba nimepokea maoni yake na nitayafanyia kazi.

Hitimisho langu: makosa ni ya Uledi. Kuhusu matundu, sijabadili msimamo.

Enesi anafika keshokutwa. Mbele ya nyumba sasa kuna udongo mgumu na safu ya supu baridi. Nilikaa mlangoni nikitazama pale alipokuwa anasimama na beseni lake jioni. Miezi yote hii sikuwahi kupatazama hasa. Nilikuwa napatazama kama eneo.

Ndipo nikapata mpango bora kuliko wote. Kwa nini nioteshe, wakati naweza kuazima?

Kanisani kwetu kuna maua ya makopo, nyuma ya ofisi ya mchungaji. Makopo meupe, malili meupe, na yale maua madogo ya zambarau yasiyoogopa jua. Anayatunza Rosemary, mke wa mzee wa kanisa Kalisti. Huwa nayaona yamezunguka jeneza siku za ibada za maziko. Siku nyingine zote yamekaa tu, hayana kazi. Ubadhirifu!

Nikaenda na mkokoteni. Nikamwomba Rosemary maua yote mpaka Jumapili. Akauliza kwa sauti ndogo, kuna nini? Sikutaka habari imfikie Yahaya kabla ya wakati. Nikaweka kidole mdomoni, nikamwambia siwezi kusema lolote kwa sasa. Akanitazama. Akashika kifua. Hakuuliza tena hata neno moja, akaanza kupakia makopo mwenyewe. Mwishoni akanong'ona kama nitahitaji na mabenchi.

Mabenchi! Ya kupangia maua kwa ngazi, ya nyuma juu, ya mbele chini! Mwanamke huyu ana jicho la bustani.

Ijumaa, 9 Oktoba, mchana

Naandika haraka, kazi ni nyingi.

Nilianza kwa kupaka chokaa ukuta wa mbele, kisha sebule, maana haifai maua yang'ae nje na ndani kuwe na moshi wa miaka. Nikatoa makochi yote nje. Chokaa imenimwagikia kichwani mpaka miguuni, na macho yamekuwa mekundu kama pilipili. Sikuwa na muda wa kuoga.

Malili yakaanza kulegea kwa jua. Yanahitaji kivuli. Nikafikiri: turubai. Nikavuka kwa Yahaya kuazima lile la kufunikia lori. Nilipofungua mdomo, chokaa ikanibana kooni, sauti ikakatika. Nikamwonyesha tu kwa mkono, turubai, halafu nyumba yangu. Yahaya akatazama ng'ambo. Akayaona makochi nje, mabenchi, makopo meupe. Nilitegemea kejeli. Badala yake akanishika bega, akalibeba turubai mwenyewe, akaja kunisaidia kufunga kamba kwenye nguzo. Hakufanya mzaha hata mmoja. Kisha akarudi kwake, akaingia ndani, na redio ikazimwa.

Redio ya Yahaya imezimwa! Sijawahi kuona mtu akikubali kushindwa kwa heshima namna ile.

Ijumaa hiyo hiyo, alasiri

Mafanikio yamepita matarajio. Watu wanakuja kutazama. Wapita njia wanapunguza sauti wakifika kwangu. Mama mmoja wa upande wa Chapwa nisiyemjua vizuri ameweka unga mlangoni, akaondoka kimya. Mwingine ameleta kuni. Sikujua kwamba watu wanaweza kulipia kuona maua.

Bi Mwanamvita alikuja, akayatazama malili, akalia. Alilia kweli, kwa kwikwi, ameshika ncha ya mtandio. Mwanamke mwenye kibaraza kama chake!

Wanaume wawili wenye majembe wameniuliza kwa unyenyekevu, pa kuchimba ni wapi. Nikawaambia hakuna haja ya kuchimba, mwaka huu kila kitu kiko kwenye makopo. Wakatazamana. Mmoja akauliza kama nimeshauriana na wazee. Nikasema jambo hili nimelipanga peke yangu tangu Jumatatu. Wakarudi nyuma hatua kadhaa.

Sasa Kalisti mwenyewe ameketi kwenye benchi, akilisukuma lili langu pembeni. Amevua kofia. Wengine wanaketi pia. Wanaharibu mpangilio wote! Inabidi nitoke nikawaeleze kwamba mabenchi ni ya

Jumamosi, 10 Oktoba, asubuhi

Naendelea.

Nilitoka jana nikiwa nimeshika kopo la kumwagilia. Rosemary alikuwa anafika na wanawake wa kanisa. Alipofika chini ya turubai akaweka mikono kichwani akalia, "Mama Tabita wetu! Mama Tabita!" Na wote wakaitikia.

Nilisimama pale. Kwetu mtu mwenye msiba huambiwa mwisho. Watu hukusanyika kwanza, wakishakuwa wengi wa kumshika ndipo anaambiwa. Nimeshiriki mara nyingi kumfanyia hivyo mwenzangu. Basi nikaelewa. Wamepata habari kutoka Ivuna. Mji mzima unajua, mimi peke yangu nilikuwa nahangaika na kivuli cha malili. Unga, kuni, Yahaya kunishika bega. Yote yakajipanga mahali pake.

Kalisti alinidaka upande mmoja na Yahaya upande mwingine. Kopo likaanguka. Sikumbuki nililia vipi. Kalisti ananiambia nilikuwa nasema beseni, beseni, na hakuna aliyejua ni beseni gani.

Wakanikalisha ndani, mkekani, penye harufu ya chokaa. Nikawa nawasikia wanawake wakizungumza. Bi Mwanamvita alisimulia kwamba alipoletwa Tunduma kama bibi harusi, mwezi Juni, akiwa hajawahi kuona baridi ya namna hii, alikuwa analia jikoni peke yake. Enesi alivuka barabara na blanketi letu la kahawia. Mimi nililitafuta blanketi hilo mwaka mzima. Nilimshuku Uledi.

Halafu akasema jingine. Mwezi wa tano, siku moja kabla ya kuondoka, Enesi alipita nyumba hadi nyumba, amefunika kitu kwa kanga. Ilikuwa ni miche kutoka kwenye tuta lake. Kila nyumba aliiachia kopo, ametoboa chini mwenyewe kwa msumari, akawaambia, "Nitunzieni mpaka nirudi. Mimi namjua Baba Tabita."

Wanawake walicheka kidogo, kisha wakalia tena.

Kumbe maua yale mekundu na ya njano na ya zambarau yalikuwa ya kwangu. Ya kwake. Tangu Mei nimekuwa nikimwonea wivu mke wangu, nikidhani namwonea Yahaya.

Nilitazama ukuta wangu mweupe. Niliwaza kwamba nilimwandalia maua ya watu wengine, na kama angefika angeyajua mara moja, maana alikuwa anamsaidia Rosemary kuyapunguzia majani. Asingesema kitu. Angeyatazama, halafu angenitazama mimi, kama alivyoahidi. Na sasa hakuna wa kunitazama. Ningetoa nyumba hii, na kivuli chake, na chokaa yake, anitazame vibaya mara moja tu.

Nje wanauliza lori la kuleta mwili litafika saa ngapi.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilikuwa bado mkekani. Nikasikia lori. Kisha nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia: Uledi amezima injini. Halafu ukelele.

Naujua ukelele ule. Umewahi kutolewa kwa ajili ya nyoka chooni, na kwa ajili yangu siku niliponunua mbuzi aliyekuwa na mwenyewe. Ni sauti ya Enesi!

Alikuwa ameshuka pale kona. Akaona turubai. Akaona mabenchi, watu, kuni, makochi nje, maua ya kanisani. Mimi sionekani. Na yeye ni mtu wa hapa hapa, anajua kuunganisha mambo. Akatupa begi barabarani, akashika kichwa, akaja akilia kwa sauti, "Baba Tabita! Si ungenisubiri! Mjinga wangu wewe! Nimekuja nyumbani, nani sasa ataniudhi? Nani ataniletea miradi?"

Amesema amekuja nyumbani. Nimeliandika neno kama lilivyo.

Waliokuwa chini ya turubai nao wakapiga kelele, kila mmoja kwa sababu zake. Wengine walikimbia. Yule mama wa Chapwa alikimbia na unga wake. Rosemary alipanda juu ya benchi na malili mawili yakaanguka. Kalisti alianza sala, akaikatisha, akaanza nyingine.

Na mimi nikatoka. Sikufikiri. Nilisahau kwamba tangu jana sijaoga chokaa, na kwamba nilikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, isipokuwa mistari miwili mashavuni ilipopita machozi.

Enesi akanyamaza. Akanikaribia polepole. Akanigusa mkono kwa kidole kimoja, akakitazama kile kidole. Akasema, "Hii chokaa." Kisha akauliza nani amekufa.

Enesi akamtazama Kalisti, Kalisti akamtazama Rosemary, Rosemary kutoka juu ya benchi akanitazama mimi. Ikabidi niseme. Nikasema, "Hakuna. Nilikuwa napanga maua."

Yahaya ndiye aliyeanza kucheka. Alijishika kwenye nguzo ya turubai mpaka turubai likatikisika. "Karani!" akasema. "Umemzika mkeo kwa makopo, ukaona haitoshi, ukajipaka uonekane na wewe umeondoka!" Kikawa kicheko cha mtaa mzima. Hata wale wanaume wa majembe.

Maharage waliyowapikia waombolezaji yalikuwa yameshaiva, basi yakaliwa. Redio ya Yahaya ikafunguliwa kwa sauti ya juu. Enesi alikaa na wanawake chini ya turubai, akawataka wamsimulie upya yale waliyokuwa wakimlilia. Walipokosea aliwasahihisha. Blanketi, alisema, halikuwa la kahawia, lilikuwa la kijivu.

Kwangu alisema jambo moja tu: makochi yarudi ndani.

Jumapili, 11 Oktoba

Baada ya ibada walianza kuja. Bi Mwanamvita wa kwanza, na makopo yote ya kibaraza chake, mawili mawili, hadi kibaraza kikabaki kitupu. Kisha nyumba ya pili, ya tatu, mtaa mzima. Kila mtu na kopo lake, kila kopo na ua lake. Wengine walikuwa wameyapaka rangi. Mmoja alileta ua lake kwenye birika.

Enesi aliyapanga. Mimi nilipewa kazi ya kubeba na kunyamaza. Marefu yale mekundu ukutani, ambako chokaa nyeupe inayafanya yaonekane mekundu zaidi. Ya njano katikati. Yale yanayotambaa akayaweka kwenye ukingo wa ngazi, yaning'inie. Alikuwa anarudi nyuma mpaka katikati ya barabara, anakunja jicho moja, anarudi kusogeza kopo kidogo tu, upana wa kiganja. Malori yalimsubiri. Tunduma nzima ni vumbi, na mbele ya nyumba yetu ni kama kuna mtu amefungua mlango.

La mwisho lilikuwa lake mwenyewe. Kopo dogo la siagi, alilolipakata mapajani njia yote kutoka Ivuna lisiguse chumvi. Ndani yake kijiti cha bogenvilia ya mama yake, majani manne. Akaliweka karibu na mlango, akaniambia hili usiliguse.

Nilijikaza. Nikamuuliza kama ameshaiona nyumba.

Akasema ameiona.

Nikasubiri. Aliingia ndani. Akatoa kanga kwenye begi, akazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ule ambao tangu Mei sijautundikia kitu. Begi likabaki tupu. Akalikunja, akalisukuma chini ya kitanda. Mtu anayekuja kutazama hafanyi hivyo. Wala habebi mche.

Nikaenda kutafuta beseni lake.

Jioni tulimwagilia pamoja maji ya kuoshea vyombo, kwa beseni lile. Maji yalipita kwenye udongo yakatokea chini, yakachora duara jeusi kwenye vumbi, kila kopo na duara lake. Nikaanza kusema kitu kuhusu upotevu. Akasema niache, ndivyo yanavyopumua. Tulikaa ngazini mpaka maduara yakakauka. Sijui kama nimewahi kukaa pale bila kuwa nahesabu kitu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimerudisha turubai, mabenchi na maua ya kanisa. Kalisti ameniambia kwamba siku nyingine nikiwa na jambo, nimweleze mtu. Nimemwahidi. Rosemary amesema malili mawili yatapona.

Nimefanya tathmini kwa utulivu. Lengo lilikuwa Enesi abaki: amebaki. Mbele ya nyumba papendeze: pamependeza. Kibaraza cha Yahaya: kitupu. Mpango umefanikiwa kwa asilimia mia moja, na bila turubai hakuna ambacho kingetokea. Watu wanacheka, lakini huwa wanacheka kwanza.

Kasoro ni moja tu. Leo Enesi alipokwenda sokoni, nimekagua makopo yote kwa chini. Yote yametobolewa! Mtaa mzima umefuata mtindo ule ule bila kufikiri. Jana beseni zima la maji liliishia vumbini mbele ya macho yangu, na mvua bado haijaja.

Nimemwomba Yahaya ile gundi nyeusi anayozibia matairi. Amenipa kopo zima, hakuuliza ya nini. Siku hizi haniulizi kitu. Nimeziba kila tundu, nikianza na makopo ya ukutani, nikashuka mpaka yale ya ngazini. Kisha nimeyajaza maji mpaka ukingoni. Yamesimama yakimeremeta. Hapavuji hata tone!

Limebaki lile la Ivuna. Ameniambia nisiliguse, lakini alikuwa hajui kwamba nina gundi. Tundu lenyewe ni dogo, la msumari tu.

Nasikia sauti yake ng'ambo, amerudi kutoka sokoni, amesimama anacheka na Bi Mwanamvita. Nina nafasi. Atafurahi sana.